Vigelegele vya Mtaa wa Yide

Za mwizi ni arubaini, na za Bi Chausiku wa Darajani, Unguja, zilitimia Novemba ya 1998 mjini Guangzhou. Wizi hakuwa nao, masikini. Alikuwa na majivuno tu, tena ya kichwa chake. Wenzake walitembea na mafurushi ya kadi za maduka yaliyofungwa kwa mipira. Yeye akipewa kadi huirudisha. "Kadi ya nini, mwanangu? Kadi ni za wasahaulifu."

Basi jana alasiri, katika mtaa wa Yide Lu, alichagua maboksi ishirini ya kuku wa plastiki, ukimbonyeza mgongo anataga. Akamwomba laoban, ndivyo waitwavyo wenye maduka huko, amruhusu kupiga simu nyumbani. Sauti ya dada yake ikamlipukia sikioni: mwanao Shamsia kajifungua! Pacha! Miaka tisa ya ndoa, miaka tisa ya watu kumtazama mwanawe tumbo, leo wawili kwa mpigo!

Baada ya hapo Bi Chausiku hakumbuki kitu. Alijikuta hotelini, kiatu kimoja mkononi.

Na leo kontena linafungwa saa kumi, gari limeshakuja kubeba maboksi, naye hajui duka ni lipi. Yide Lu ina maduka mia kadhaa, yote yana midoli, na baina yao wauza ngisi wakavu. Kila mtoto wa Darajani alikuwa ameahidiwa kuku wa kupeleka viwanja vya Mnazi Mmoja sikukuu ya Idi. Aliwaahidi mwenyewe, mmoja mmoja, kwa majina.

"Nimekuwa mwehu, Bona," alimwambia Bonaventure, Mkongomani wa chumba cha jirani, aliyesoma saikolojia Lubumbashi miaka miwili kabla biashara haijamwita.

"Hapana, Mama. Hauko mwehu," alisema Bonaventure, macho yakimwaka. Miaka mitatu hakuna aliyemuuliza jambo la masomo yake. "Ndani ya ubongo kuko kitu kidogo, kama lozi. Ukipata furaha kubwa, kinakamata ile furaha tu. Duka, njia, kiatu, vyote kinaachilia. Sasa turudishe ile hali. Ukifurahi tena palepale, labda akili itafungua mlango, voilà!"

"Nifurahi kwa makusudi?"

"Kwa nguvu, Mama!"

Wakaanzia mwanzo wa mtaa. Bi Chausiku akapiga kigelegele, kikatoka kikavu kuliko ngisi. Muuza uduvi akamtazama kwa huruma. "Meiyou," akasema mwingine akipunga mkono, kwamba hana, ingawa hakuulizwa chochote.

"Usiwaze kuku," Bonaventure alimnong'oneza. "Waza watoto."

Akawawaza. Vichwa viwili. Miguu minne midogo! Nani atakuwa na pua ya babu yao, Mungu awanusuru? Kicheko kikampanda, kikamshinda, kigelegele kikamtoka chenyewe, cha harusi hasa, na kingine juu yake. Akashika kanga kiunoni, akaanza kucheza katikati ya mikokoteni. Watu wakatoka madukani. Furaha ilirudi yote. Duka, hata ishara.

"Unakumbuka?" Bonaventure aliuliza.

"Sikumbuki kitu!" alijibu Bi Chausiku, akicheka huku machozi yanamtoka.

Ndipo juu ya vichwa vya watu kikaja kigelegele kingine. Kibovu, cha kukwaruza, kama jogoo anayejifunza. Kikafuatwa na cha pili, cha mwanamke. Mlangoni mwa duka la tano mbele yao alisimama laoban mnene, ulimi nje, anajitahidi, na mkewe pembeni anamsaidia. Jana mteja huyuhuyu alimkumbatia, akamzungusha mara tatu, akamwonyesha vidole viwili na mikono ya kubembeleza mtoto. Jambo kama hilo halimtoki mtu kichwani. Tangu jana walikuwa wakijifunza.

Maboksi ishirini yalikuwa tayari mlangoni. Juu yake kulikuwa na kapu la mayai ya kweli, yamepakwa rangi nyekundu.

Laoban akasema, Bonaventure akafasiri, polepole. "Anasema kwao mtoto akizaliwa, nyumba yake inagawa mayai mekundu. Anasema wewe nyumba yako iko mbali. Basi huyu bibi yake amekuchemshia."

Bi Chausiku akalikumbatia kapu. Kisha akagawa mayai mtaa mzima, hata kwa yule wa meiyou.

Saa tisa na nusu maboksi yakaingia kontenani. Garini, Bonaventure akauliza, "Mama, safari hii umechukua kadi ya duka?"

Bi Chausiku alikuwa ameshika yai la mwisho kwa mikono miwili.

"Duka gani?" akasema.