Mama Yangu Aliachwa Getini kwa Jina la Heshima

Admin, jina langu libaki kwako peke yako. Wengine nawasalimu. Nina miaka ishirini na minane, ni mwalimu wa sekondari, na ninaishi Kimumu na mume wangu na binti yetu wa miaka sita. Mume wangu ana kazi ya ofisi mjini. Hatulali njaa, lakini pia si matajiri wa Elgon View. Mimi si mtu wa kelele. Mambo yangu huyameza, nikayatafakari kimyakimya mpaka yaishe. Hili limekataa kumezeka.

Nje kidogo ya mji kuna bustani ya michezo ya watoto. Kuna bembea kubwa, maji ya kuteleza, na treni ndogo inayopita kwenye handaki. Tulipoanza kwenda, tulilipa kidogo getini, tukaingia na chapati zetu na flaski ya chai, tukatandika leso kwenye nyasi mpaka jioni. Kisha wenye bustani wakaanza kupandisha bei. Kwanza kila mchezo ukawa na tiketi yake. Halafu wakakataza chakula cha nje, na sahani ya chipsi huko ndani ikawa ghali kuliko unga wetu wa wiki. Sasa ni kununua mkanda wa mkononi kwa kila kichwa, na mtu mzima asiyepanda chochote analipa sawa na anayezungushwa kutwa nzima. Hata nyanya aliyekuja kushika makoti.

Likizo iliyopita tulimwalika mama yangu kutoka Ainabkoi. Alikuja na gauni lake la kanisani, mahindi ya kuchemsha, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, alichokitayarisha kwa ajili ya mjukuu. Binti yangu, ambaye humwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa amemwahidi kwa simu, "Kogo, wewe utakaa na mimi kwa treni, usiogope."

Tulipofika, mume wangu alitangulia kusoma ubao wa bei. Alirudi akiwa amevua kofia, sauti ameishusha.

"Mama, naomba unisamehe. Kwetu upande wa ziwa, mkwe na mama mkwe hawali wala kustarehe pamoja mbele za watu. Nikikuingiza humu nitakuwa nimekuvunjia heshima."

Mama alimwangalia, akatabasamu. "Basi, baba, mila ni mila. Nendeni mcheze. Mimi nitakaa hapa na askari."

Nami nikaamini! Mila hiyo niliisoma chuoni, na ninajua wako wanaoifuata kwa moyo safi. Nilisimama pale nikajivunia mume anayejua kwao. Sikukumbuka kwamba kila akienda Ainabkoi kuchukua viazi vya bure, anakaa meza moja na mama huyo huyo, anakula mpaka anaomba kuongezwa mursik.

Alasiri mvua ilinyesha, mvua yetu ile ya hapa. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni mwa mume wangu. Tulipotoka tulimkuta mama ndani ya kibanda cha askari, gauni limelowa mpaka magotini, mahindi na mursik amewagawia walinzi.

"Kogo, tumepita kwa handaki! Giza!"

"Eh! Na haukulia?"

"Nililia kidogo. Nilikuwa nakutafuta."

Wiki jana mume wangu akaniambia mama yake anakuja kututembelea Jumamosi hii, na kwamba ameshalipia mikanda minne kwa simu. Minne: yeye, mimi, mtoto, na mama yake.

"Mama yako atapanda nini?" nikamuuliza.

"Si lazima apande. Atakaa tu aone mjukuu wake akifurahi."

"Kumbe mtu anaweza kulipiwa akakaa tu?"

"Usianze."

"Mama yangu alikaa wapi?"

Akacheka. Wallahi alicheka. "Wewe nawe! Ulitaka ninunue mkanda mzima ndio mama yako ashike makoti? Bei si uliiona? Na mbona alifurahi? Nilimpa heshima, na haikutugharimu kitu."

Maneno hayo ninatembea nayo darasani, ninayasikia nikisahihisha madaftari. Angesema tu, "Mama, hapa pametushinda," tungegeuza gari, tukakaa mahali penye nyasi, tukala yale mahindi wote wanne. Mama yangu amelea watoto kwa shamba dogo. Neno "hatuna" halimtishi. Na wenye bustani pia nimewakasirikia, hao waliokaa mahali wakaamua kwamba nyanya kumtazama mjukuu wake ni biashara. Lakini ubao wao haukuandika mama yupi abaki nje. Hilo mume wangu alichagua mwenyewe, kisha akalifunika kwa mila ya watu ambao hawakumkosea lolote.

Kinachonichoma zaidi ni mama. Amewasimulia akina mama wenzake kanisani jinsi mkwe wake anavyomheshimu, kwamba vijana wa siku hizi hawako hivyo. Jana alinipigia akiwa na furaha: "Nimemtumia baba mtoto jogoo. Mwambie ni asante yangu kwa ile siku."

Jogoo amefika leo, amefungwa miguu, yuko jikoni. Mume wangu amempima kwa mkono akasema, "Huyu ni mzito. Mchinje Jumamosi asubuhi, mama yangu asikute nyumba haina nyama."

Nikimwambia mama ukweli, nitamnyang'anya ile siku, na ndiyo siku pekee anayoamini aliheshimiwa na watu wa nyumbani kwangu. Nikinyamaza, nitamchinja jogoo huyu kwa mikono yangu, nimpakulie mama mwingine, kisha nivae mkanda nipite kwenye lile geti alipolowa mama yangu. Ninyi mliolea na mliolelewa, niambieni, nifanye nini? Msikawie. Jumamosi ni keshokutwa, na jogoo nimemfungua miguu.