Ngoma ya Mzee Shimba Upande wa Bagika

Ng'washi, binti wa Igoma, ni fundi wa spika, tena fundi kweli, lakini siku ile ya Kisesa alivuna upuuzi ambao hata mlevi angeuonea haya.

Yeye na mwenzake Antoni walikuwa madijei wawili wa jina moja, Nyundo Mbili. Albamu yao ya miksi ilikuwa ya dakika hamsini: midundo imekatwakatwa, ikaungwa upya mpaka miguu inakataa kutulia. Ngoma zenyewe zilipigwa na baba yake Ng'washi, Mzee Shimba wa kundi la ngoma la Bagalu, akarekodiwa kabla kiharusi hakijamlemaza mkono. Mzee alitoa sharti moja tu: "Bagika wasiiguse ngoma yangu."

Nani hajui uhasama wa makundi hayo mawili? Siku ya mashindano kila moja linacheza upande wake wa uwanja, wakati uleule, na linalovuta watu wengi ndilo mshindi. Hakuna jaji. Sasa Antoni ni mtoto wa Bagika. Akachukua wimbo wa kwao, akaulaza juu ya ngoma ya mzee. Ng'washi alisikia. Ulikuwa mtamu, akacheka, akauacha. Mjinga!

Basi, siku ya mashindano Kisesa, jua la saa tisa, Bagika wakaweka miksi waliyopewa na Antoni, wakafungulia spika. Ngoma ya Shimba ikanguruma. Watu wakawapa Bagalu mgongo, wakavuka uwanja mbio. Mzee akabaki kwenye kiti chake peke yake, mkono mzima ukigonga paja kufuata mdundo wake mwenyewe.

"Nyoka mkubwa wewe!" Ng'washi alimfokea Antoni.

"Uliusikia ukacheka," Antoni akamjibu. "Leo ndiyo unaniita nyoka?"

Wiki nzima Ng'washi alimwamkia baba yake asubuhi na jioni, na mzee kimya, anatazama ukuta. Umwamkie mzazi asiitikie! Iliuma, jamani. Jumapili akamburuta Antoni nyumbani aombe radhi, huku akitamani mzee amfukuze kama mbwa.

"Shikamoo, mzee," Antoni alisema.

"Marahaba, mwanangu. Vuta kiti." Ulimi ulikuwa mzito, lakini kila neno lilisikika. "Wewe ni wa Bagika, umewapigania wenzako. Sina ugomvi na wewe."

Kisha akamnyooshea binti yake kidole.

"Huyu ndiye sijui ni wa nani."