Mfunga Nyuzi za Mgomba

Kila asubuhi ajuza mfunga nyuzi huketi barazani kwake, hapa kisiwani Okinawa, Japani, akachovya vidole majini na kuunganisha nyuzi za mgomba kwa mafundo madogo kama mayai ya chawa. Kidole gumba chake kimechimbika mfereji. Ukimsalimu huitikia kwa nyusi tu, maana uzi unaofuata ameubana kwa midomo. Lakini tangu mvua zianze mafundo yake yamekuwa yakifunguka kwenye kitanda cha kufumia, na leo Kiyoe, mfumaji, alikuja kumwambia apumzike. Akanywa chai, akasifia mboga za bustanini, neno lenyewe likamkwama.

“Wewe husifii mboga zangu bure,” ajuza alisema. “Nimeharibu nini?”

“Mafundo, Bibi. Yanaachia.”

Ajuza akavuta fundo alilotoka kulifunga. Likafunguka. Akavuta la pili, nalo likafunguka. Akautua uzi, akajifuta vidole kimoja kimoja.

“Basi mafundo afunge mkweo. Mimi niletee nyuzi za kuviringisha ziwe vibonge. Ni kazi ya watoto, ndiyo niliyoanza nayo.”

Kiyoe aliinamisha kichwa.

“Na uje mapema,” ajuza akasema. “Usiniache nimekaa bure.”