Beringi Zilizobaki Kwenye Tovuti

Sijawahi kuiamini hifadhidata ambayo mtu anaweza kuikopi kwenye flashi na kuondoka nayo mfukoni. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, kwangu ni Gitothua, Ruiru, na kwa tabia ni mtu wa kushuku hata salamu. Ndiyo maana nilipoitwa kulitengenezea tovuti duka moja la vipuri pale Thika, nikaiona programu yao, roho yangu ilikataa. Mali yote ya duka, kila beringi na kila mkanda wa mashine ya posho, ilikuwa imeandikwa ndani ya faili moja la mtindo wa zamani lisilo na nywila. Aliyelifungua hakujulikana, wala aliyebadilisha kitu.

Nilimwomba mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyerithi biashara kwa babake, tuhamie mfumo mpya. Alikataa katakata.

"Hii imefanya kazi kabla wewe uzaliwe. Wewe fanya website isome tu."

Nikaifanya isome. Mteja akiwa Kahawa Wendani aliona kwenye simu yake kilichopo dukani, akaja kukichukua. Miezi ikaenda vizuri. Halafu, baada ya Diwali, sikukuu ya Wahindu ya taa, watu wakaanza kufuata beringi ambazo hazikuwepo, wakimwonyesha mzee simu zao kwa hasira. Akanipigia.

"Kompyuta yako inasema beringi iko. Shelfu inasema hakuna. Nani mwongo?"

Kabla sijajibu alishapata jibu lake. Ufunguo wa stoo alikuwa nao mtu mmoja tu, mama wa Ruiru aliyeanza kazi pale akiwa msichana, na sasa alikuwa akisomesha watoto wake peke yake. Mzee alimwambia beringi zisipopatikana kufikia Jumamosi, watakaomuuliza ni polisi.

Nilienda Thika nikimshuku kila mtu. Nilimshuku mama: mbona ananisalimia kwa upole hivi? Nilimshuku mpwa wa mzee, aliyeingiza mauzo kwenye mashine na aliyekuwa na simu mpya. Mzee naye alinishuku mimi. Alisimama nyuma ya kiti changu akihema, na kila nilipogusa kitu aliuliza, "Hiyo ni nini sasa?"

Faili halikuwa limebadilika tangu mkesha wa Diwali. Duka liuze siku zote hizo, faili lisiguswe? Nikajua nimempata mwizi: kuna mtu anauza bila kuingiza. Nikamgeukia mpwa. Aliapa, akanifungulia skrini yake, na mauzo yote yalikuwepo, hata ya zile beringi. Hapo ndipo nilipotazama folda nzima. Kando ya lile faili palikuwa na jingine, lenye jina la mwaka mpya wa Kihindu.

"Hili ni la nani?"

Mzee alinishangaa. "Kitabu kipya. Kila Diwali tunafungua kitabu kipya, tunakiombea. Babangu alifanya na vitabu vyekundu. Siku hizi ni kompyuta, tunaombea kompyuta." Kweli, pembeni ya skrini palikuwa na alama nyekundu ya kidole, ambayo nilikuwa nimedhani ni rangi ya ukuta. "Ile ya zamani inalala. Hakuna mtu anaigusa."

Hakuna mtu, ila tovuti yangu. Ilijua jina la faili moja tu, na ndani ya faili hilo beringi zilikuwa bado hazijauzwa. Kwa mzee, tovuti na mashine yake vilikuwa kitu kimoja, kwa hivyo hakuwahi kuvilinganisha. Nikaielekeza tovuti isome faili jipya kuliko yote, kazi ya mistari michache, na beringi zikatoka kwenye orodha ya tovuti.

Mzee alicheka, akaagiza chai, akamwita mama. "Mambo imeisha. Ilikuwa kompyuta."

"Sawa, boss," mama akasema, akarudi stoo. Chai hakuinywa.

Jioni mimi na mama tulitoka pamoja, maana sote tulikuwa tunaelekea Ruiru. Mlangoni mama alisimama, akaufungua mkoba wake mbele ya mzee: leso, Biblia ndogo, kikopo cha chakula. Mzee akamwambia hakuna haja.

"Angalia tu," mama akasema.

Iliniuma sana. Nimerudi dukani mara nyingi tangu siku hiyo. Kila jioni mama huufungua mkoba, na siku hizi mzee huangalia.