Skripti Zilizosema "Tayari"

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Masasi, nilimwamkia Mhandisi Mkuu shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanikabidhi kazi ambayo wenzangu wote walikuwa wameikwepa: kusafisha skripti za majaribio. Skripti ni faili lenye amri ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine. Zetu zilijaribu programu ya kukokotoa dozi za dawa za watoto kwa uzito wao. Waliotutangulia walikuwa wameziandika kwa haraka, kila mmoja kwa namna yake.

Nilianza kwa kufuta yaliyorudiwarudiwa. Ndipo nikaona kwamba kila skripti iliishia na amri ya kuandika neno "tayari". Kompyuta hulipima jaribio kwa amri ya mwisho, na amri ya kuandika neno haishindwi. Basi hata jaribio likianguka katikati, lilihesabiwa limefaulu. Nikaongeza mstari mmoja juu ya kila faili: simama amri yoyote ikishindwa.

Meneja wa Mradi alikuwa ameshafunga mizigo kwenda Newala kuizindua programu. Aliniambia usafi unaweza kusubiri, wauguzi hawawezi. Nikamwomba atazame kwanza, nikaziendesha skripti mbele yake. Moja ikasimama, maandishi yake mekundu. Mtoto wa mfano wa kilo 5,5, aliyeandikwa kwa mkato badala ya nukta, programu ilimsoma kuwa wa kilo 55.

Meneja akakaa kitini. "Mama Salome, jaribio hili limeandikwa lini?"

"Lilikuwepo tangu mwanzo, baba. Lilikuwa linashindwa siku zote, hatukulisikia."

Akatoka nje kuwapigia simu Newala kwamba hatuji.

Tulipokwisha kurekebisha, nilihamishiwa huko kuwafundisha wauguzi. Asubuhi moja muuguzi akaandika uzito wa mtoto kwa mkato, kama walivyozoea. Programu ikasoma sawasawa. Mama wa mtoto, aliyetoka Makote, akapokea dawa, akambeba mwanawe mgongoni, akaaga.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo Mkunya. Vijana wakiniuliza habari za kazi, humtaja mtu nisiyemfahamu hata jina, aliyekaa Masasi akamfikiria muuguzi asiyemjua, na mkato wake, akaandika jaribio. Mimi niliiacha tu sauti ya jaribio hilo isikike. Na nikimkumbuka yule mama akishuka ngazi za hospitali bila wasiwasi wowote, mpaka leo mwili hunisisimka.