Mbuzi wa Mtu Hawahesabiwi

Miaka ya sabini, katika shule yetu upande wa Kiambere, Mwalimu Jedidah Igoki alifundisha hesabu darasa la tatu, nami nilifundisha chumba cha pili. Darasa lake lilikuwa na kelele, na kelele ile niliionea wivu. Watoto walikaa sakafuni kwa makundi, kila kundi na ndengu zake za kuhesabia, wakigawana na kubishana. Akiuliza swali, alisubiri hadi aliye mzito kuliko wote apate kufikiri. Aliyekosea hakuchapwa, aliambiwa, "Tuonyeshe umefikaje hapo," na wenzake wakaifuata njia yake mpaka wakaona ilipopotea. Hata wachunga mbuzi, mabingwa wa kutoroka, waliacha kutoroka.

Ndengu hazikuwa mchezo. Kwetu Mbeere hutaji idadi ya mbuzi wa mtu, wala ya watoto wake. Ukiitaja, umewaitia kifo. Jedidah alilijua hilo, akatafuta kitu ambacho mtoto angekihesabu bila hofu.

Akaja mkaguzi wa shule, Bwana Njiru, mzaliwa wa Kianjokoma, si mbali na kwetu. Mwalimu mkuu akatuita walimu wote tusimame nyuma ya darasa. Mkaguzi akazisukuma ndengu pembeni kwa kiatu. Kwa kiatu, chakula cha watu! Kisha akamwinua Karwirwa, binti aliyekuwa hodari kuliko wote.

"Wewe, kwenu mko na mbuzi ngapi?"

Karwirwa akatazama chini.

"Haya, watoto wa mama yako ni wangapi?"

Kimya. Akauliza mwingine, na mwingine. Kimya kile kile.

"Mwalimu, hawa hawajui kuhesabu hata ndugu zao," akasema. "Wewe unacheza na ndengu tu. Hapa utatoka."

Jedidah hakupandisha sauti. "Sawa, mzee. Lakini nikuulize, mama yako alizaa wangapi?"

"Sisi tuko tu wengi," akasema mkaguzi.

Darasa zima likacheka. Mwalimu mkuu akageukia dirisha.

Nilidhani mambo yameishia hapo, kwamba mtu akijisikia kwa masikio yake mwenyewe ataona haya. Wapi! Nyani haoni kundule. Muhula uliofuata Jedidah alihamishiwa Karurumo, kwa sababu eti hajui kufundisha. Hasira ile ninayo hadi leo: mtu anaadhibu watoto kwa mwiko anaoushika yeye mwenyewe, halafu anapanda gari la serikali na kwenda zake.

Mwalimu aliyeletwa alikuja na fimbo. Somo lake la kwanza lilikuwa kuhesabu mbuzi wa nyumbani. Darasa likanyamaza kabisa, na mwalimu mkuu akatusifia nidhamu yake gwarideni.

Juma lile lile, saa ya hesabu, nilimwona Karwirwa nje ya ua wa shule, akipita na mbuzi wa baba yake.