Gari Lililoamkia Tete

Tak. Ni mlio mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti kikavu kwa vidole viwili. Huku Bugarama, Burundi, mlimani, ambako ukungu hauondoki mpaka saa tatu asubuhi, nausikia kila siku katika karakana yangu. Dereva wa lori anageuza ufunguo nusu, nami namnyanyulia mkono: ngoja. Mafundi wengine hutazama taa ya dashibodi. Mimi sitazami. Nasikiliza mpaka tak, nashusha mkono, na lori linawaka. Madereva wanasema Injinia Inesi ana dawa. Sina dawa. Nina diploma ya mitambo ya dizeli niliyoipata Durban, imetundikwa ukutani mahali ambapo mtu mrefu na mtu mfupi wote wanaweza kuisoma, na nina masikio ambayo diploma ilinikuta nayo. Habari ya masikio hayo nawaambia ninyi tu. Yupo mjomba wangu mmoja ambaye asingependa kusikia mwisho wake.

Tulikuwa tukiishi Queensburgh, kitongoji cha Durban, katika chumba cha uani nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mjane. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia kabla ya vita kumtoa Bujumbura. Durban alilinda geti la jengo moja Morningside, na Jumamosi alimkatia yule mzee majani. Mzee alipohamia ng'ambo kwa binti yake, alimwachia Baba gari lake la safari, nyumba kamili juu ya magurudumu: vitanda, sinki, jiko la gesi, mapazia ya maua ya kahawia. Sisi tuliliita gari-nyumba. Ndani lilinuka dizeli, sponji iliyochoka, na vitunguu ambavyo mtu fulani alivikaanga humo kabla mimi sijazaliwa.

Baba alinipeleka shule kwa gari hilo. Wenzangu walishuka kwenye taxi. Mimi nilishuka kutoka sebuleni. Walinicheka vya kutosha. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa nimeanza kumjibu Baba kwa Kiingereza, hata aliponiuliza kama nimeshiba.

Lakini palikuwa na jambo moja tulilolifanya kwa Kiswahili kila asubuhi. Injini ya dizeli ya zamani ikiwa baridi haipendi kuamshwa ghafla. Ndani yake kuna vijiti vya chuma, mafundi huviita hita, ambavyo lazima vipate moto kwanza. Unageuza ufunguo nusu, taa ndogo ya rangi ya chungwa inawaka, unangoja izimike, halafu ndipo unageuza mpaka mwisho. Kwenye gari letu taa hiyo haikuwaka kabisa. "Ilikufa zamani," Baba alisema. "Weye ndiyo utakuwa taa." Basi akanifundisha kungoja kwa kutaja miji ya njia aliyopita kutoka nyumbani mpaka Durban, polepole, kama anayeita majina darasani: Bujumbura, Rumonge, Nyanza-Lac, Kigoma, Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, Kyela, Karonga, Mzuzu, Lilongwe, Blantyre, Tete, Chimoio, Maputo, Manguzi, Durban. Mahali fulani njiani, chini ya dashibodi, kitu kilisema tak. Hapo nilimgusa Baba mkono, naye akawasha.

Mwezi wa Desemba, ambao Durban ni wa joto, tak ilikuja tukiwa Kigoma tu. Julai, kwenye baridi, tulifika Mbeya, pengine Karonga. Nami nilikuwa na maelezo yangu, sikumwambia mtu. Baba alikuwa amenisimulia kwamba katika miji yote ile, Tete ndiyo yenye joto kuliko yote. Alisema viatu vyake viliyeyuka soli hapo. Kwa hiyo niliamini gari linasikia majina, linakumbuka joto la kila mji, na likitosheka linasema tak.

Sasa sikilizeni. Mjomba Dezire, mdogo wake Mama, alikuwa kinyozi mjini, mtu wa haraka katika kila kitu, hata ndevu za watu alizinyoa mbio. Alimpenda Thandeka, binti wa mwalimu mkuu mstaafu, huko juu karibu na Underberg, chini ya milima. Kwa Wazulu, wajumbe wa posa hufika alfajiri, wanasimama nje ya geti na kujitangaza kwa sauti mpaka wafunguliwe. Safari ya kwanza wajumbe wetu walifika saa nne, wamechangamka, wakakuta geti lina mnyororo. Yule baba akatuma neno moja: waje mara moja zaidi, jua likiwatangulia getini, wasijisumbue tena.

Safari ya pili Mjomba aliazima gari-nyumba, ili wajumbe walale karibu na pale. Baba alikuwa na zamu, asingeweza kwenda. Mama alikuwa anakwenda kupika. Mjomba alipofika kuchukua ufunguo, Baba aliniinua akanikalisha kiti cha mbele.

"Shemeji, huyu wa nini?" Mjomba akauliza. "Kule iko baridi."

"Mchukue. Gari linamjua."

Mjomba alicheka mpaka Pinetown.

Tulilala kwenye uwanja wa kituo cha mafuta Underberg. Nilipoamka, dirisha lilikuwa na barafu kwa ndani, ya pumzi zetu wenyewe. Sikuwa nimewahi kuona barafu nje ya friji. Majani ya nje yalikuwa meupe na yalivunjika chini ya viatu kama mkate mkavu. Mjomba alikuwa tayari ndani ya suti ya kijivu, blanketi mabegani. Wajumbe walikuwa watano, na msemaji wao alikuwa Mzee Simeoni, shemasi wa kanisa letu, mtu mzito wa sauti na wa mwili. Geti la kina Thandeka lilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Upande wa mashariki, mlima ulikuwa umeshaanza kuwa wa kijivu.

Mjomba akageuza ufunguo moja kwa moja. Injini ikalia rru, rru, rru, ikanyamaza. Akarudia. Mara ya tatu ikalia kama mtu anayekataa kitu usingizini.

"Mjomba, hujangoja," nikasema.

"Weye katoto, kaa kimya. Eish! Betri iko inakufa hii."

Wote wakaanza kuongea kwa pamoja. Mmoja alitaka tusukume, lakini uwanja ulikuwa unapanda, na nyumba haisukumwi. Mzee Simeoni alisema kule Katanga madereva wa malori huwasha moto wa maboksi chini ya injini, naye ameona kwa macho yake. Akaenda kutafuta maboksi. Mama akamfuata mbio. "Mzee, kuna mtungi wa gesi humu! Unataka tufike kwa wakwe tukiwa majivu?" Mjomba aliinamisha kichwa juu ya usukani. Nilikuwa sijawahi kumwona ametulia. "Nimemkosa," alisema, si kwetu. "Thandeka nimemkosa kwa sababu ya hii takataka."

Mama akasimama kwenye mlango wangu, anatetemeka kwa baridi. "Dezire. Baba yake alisema gari linamjua. Muache."

"Betri itageuka mara moja tu, dada. Moja."

"Basi muachie hiyo moja."

Mjomba akanitazama kwa mara ya kwanza tangu Durban. Nikamwambia ageuze nusu na asiguse tena. Akageuza. Lakini nje watu walikuwa wanapiga miguu chini, wanakohoa, Mzee Simeoni anaeleza tena habari za Katanga. Nisingesikia kitu. Nikashusha kioo, nikasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata leo sijui ilitoka wapi, "Nyamazeni!"

Mtoto wa miaka tisa, kwa shemasi. Mama alishika mdomo. Kukawa kimya.

Nikaanza. Bujumbura. Rumonge. Nyanza-Lac. Sikuharakisha. Kigoma, hakuna. Mbeya, hakuna. Karonga ikapita, Lilongwe ikapita. Tete niliivuta kama mpira, hakuna. Maputo. Manguzi. Durban.

Kimya. Njia ilikuwa imeisha. Baba hakunifundisha mji mwingine baada ya Durban, kwa sababu kwake haukuwapo. Mkono wa Mjomba ukasogea kwenye ufunguo, nikaukamata kwa mikono yangu miwili.

"Umemaliza," akanong'ona.

"Mimi nimemaliza. Lenyewe bado."

Sikuwa na pa kwenda ila kurudi. Nikageuka. Manguzi. Maputo. Chimoio. Nikavuta pumzi. Te-te.

Tak.

"Sasa!"

Mjomba akageuza. Injini ikakohoa, ikapiga moja, ikapiga mbili, ikatetemeka mpaka vijiko vikalia kwenye droo, halafu ikashika. Moshi mweupe ulijaa uwanja mzima, Mzee Simeoni akapotea ndani yake, tukasikia sauti yake tu, "Haleluya!" Tuliingia barabarani huku Mama anamvuta mtu wa mwisho kwa kola.

Mwalimu mkuu alikuwa amesimama ndani ya geti, amejifunika blanketi, saa mkononi. Aliangalia saa, akaangalia mlima, ambapo jua lilikuwa halijachungulia, akaangalia gari letu linalotoa moshi. Akafungua. Thandeka leo ni mama wa watoto watatu, na Mjomba Dezire anawaambia kwamba gari aliliwasha yeye.

Kwa miaka mingi niliamini ni joto la Tete. Kisha nikaenda chuo, msichana pekee darasani, nikajifunza kwamba kile kinachosema tak ni swichi inayopima baridi ya injini. Ikizidi baridi, inachelewa. Nilifaulu mtihani ule kuliko wavulana wote, na sioni haya kuwaambia. Mwaka wa pili nikafungua dashibodi ya gari-nyumba ili nimfanyie Baba zawadi ya taa mpya. Balbu ilikuwa nzima. Juu yake, kwa nyuma, palikuwa na kipande cha utepe mweusi kilichobandikwa vizuri sana.

Nikampelekea Baba utepe mkononi. Alikuwa anamenya viazi. Hakushtuka.

"Ungekuwa unajibu kwa Kiingereza hata taa," alisema. "Nikaona walau pale ukae na mimi, utaje kwetu."

"Na siku ya Underberg? Ungeutoa huu utepe, Mjomba angejionea taa mwenyewe."

"Angejionea."

"Na kama ningekosea?"

Baba alitumbukiza kiazi majini. "Dezire angeoa mwaka uliofuata. Lakini weye, nani angekupa tena asubuhi kama ile?"

Niliporudi Burundi na diploma yangu, nilikuja kwa mabasi, na sikumwuliza mtu njia. Manguzi, Maputo, Chimoio. Basi liliposimama Tete nilishuka kununua maji, na lami ilinata kwenye soli zangu. Nilicheka peke yangu, nikarudi kwenye kiti, nikaendelea kutaja mpaka nyumbani.

Karakana yangu imejaa vifaa vya maana. Lakini ukiigeuza ile diploma ukutani, nyuma ya fremu utakuta utepe mweusi, umekauka, haushiki tena. Nimeushona kwa uzi.